Kilichoota Kifuani Baada ya Dawa

Nimeombwa nisimame mbele yenu, ninyi mnaoanza dawa na ninyi mnaowauguza, nami nimekubali kwa sharti moja tu: nisiambiwe nifunikefunike mambo. Mimi naitwa Kibet. Nina bucha pale Litein. Nitakayoyasema yana harufu mbaya, na mwenye tumbo jepesi asione haya kutoka nje apate hewa. Hata mimi nikiyakumbuka nafinya pua.

Kabla ya haya yote nilikuwa mtu asiyejua kinyaa ni nini. Kazi yenyewe ndiyo ilinifundisha. Kila asubuhi nilikuwa machinjioni, mikono imezama tumboni mwa ng'ombe mpaka kwenye viwiko, natoa nyasi zilizosagika nusu, nageuza matumbo nje ndani kama soksi, nayaosha kwa maji baridi, halafu nanawa na kula mandazi papo hapo. Jioni nilichoma mutura, ile damu na nyama iliyosokotwa ndani ya utumbo, na watu wa boda boda walikuja kula wakiwa wamesimama. Mke wangu Akinyi alikuwa akiniambia, "Wewe hata ukianguka kwa choo ya shimo utatoka ukiuliza chakula iko wapi." Tulikuwa tunacheka.

Akinyi ni mshonaji. Baba yake alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, akamzaa huko kwenye nyumba za wafanyakazi, katikati ya mashamba ya chai ya Kericho. Mimi ni Mkipsigis wa hapa hapa. Nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa sababu Kijaluo changu kinatosha kununua samaki tu, na Kipsigis chake anakitumia akikasirika. Tuna msichana mmoja, Cherono. Mama yangu na kaka yangu mkubwa, Weldon, wanakaa kwenye boma letu mlimani, wana chai na ng'ombe wa maziwa. Nilikuwa nimepita miaka thelathini kidogo tu. Nilikuwa na nguvu ya kubeba paja la ng'ombe begani bila kuita mtu.

Ugonjwa ulianza kwa kujikuna. Hakukuwa na upele wala kiroboto. Miguu iliwasha kutoka ndani, mahali ambapo ukucha haufiki. Nilijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikatoka, na shuka zikawa na madoa ya damu na majimaji ya manjano. Kisha jasho. Nilikuwa naamka nimelowa kama mtu aliyetolewa mtoni, na godoro likaanza kunuka uvundo wa kitambaa kilichosahauliwa ndooni. Akinyi aliliburura nje kulianika juani, na likirudi lilirudi na harufu yake. Halafu uvimbe ukatokea shingoni, juu ya mfupa wa bega. Mgumu, kama kokwa la parachichi. Hauumi. Nilikuwa naushikashika nikikata nyama.

Kliniki ya kwanza waliniambia ni TB ya tezi. Sitawalaumu sana, wengi wanaambiwa hivyo. Nilimeza vidonge miezi mingi. Mkojo ukawa rangi ya machungwa, nguo za ndani zikachafuka kwa rangi hiyo hiyo, na kokwa likazaa makokwa mengine. Nikakonda mpaka mshipi wa suruali nikauongezea mashimo kwa msumari. Ni Akinyi aliyesema, "Baba Cherono, hii dawa inatibu mtu mwingine. Wewe haikujui." Ndiye aliyenipeleka kwenye hospitali kubwa ya mbali, ambako walikata kipande cha ule uvimbe wakakipeleka maabara.

Daktari wetu huko ni mama mmoja Mkamba, anaitwa Daktari Mueni. Ana sauti ya chini na hapendi kuzunguka. Alituketisha akasema, "Si TB. Ni saratani ya tezi za limfu. Iko shingoni na kifuani. Hii ni moja ya zile zinazotibika, lakini dawa zake ni kali na zitakuchosha. Mtasikia vibaya kabla ya kusikia vizuri."

Nilimjibu kwa kiburi, "Daktari, mimi ni mchinjaji. Sishtuki."

Sasa sikilizeni vile mchinjaji alishtuka.

Kuna dawa moja nyekundu. Inaingia mshipani polepole, na kabla hujafika nyumbani unaenda haja ndogo, unaona kitu kama maji uliyosafishia nyama. Harufu yake haitoki puani. Inakaa nyuma ya koo, kama umeramba betri. Nilitapika chakula, nikatapika maji, nikatapika nyongo ya kijani, na nyongo ilipoisha nikatapika hewa, tumbo likijikamua lenyewe kama kitambaa cha kupangusia meza. Mdomo wangu ulijaa vidonda vyeupe. Nilikuwa nikifungua kinywa, mate yananing'inia kama uzi, na pumzi yangu inanuka kama kitu kilichosahauliwa kwenye friji umeme ukiwa umepotea. Choo kiligoma siku nyingi, halafu kikatoka na damu nikiwa nimeshika ukuta na kulia kwa sauti. Nywele zilibaki kwenye mto, kwenye kola, hata kwenye uji. Sikujua nywele zinaweza kuuma zikitoka, lakini ngozi ya kichwa ilikuwa kama imechomwa na chai moto.

Baada ya awamu kadhaa sikuhitaji hata dawa yenyewe. Nilikuwa nikiona geti la hospitali tu, natapika pale pale kando ya maua, walinzi wakitazama pembeni. Nilitapika nikiona soda nyekundu. Mimi, mwenye bucha! Ndugu zangu, hebu fikirieni. Kila kitu kazini mwangu ni chekundu. Ilibidi kijana niliyemwajiri, Kiprono, ashike kisu, nami nikae nyuma ya pazia nikinusa limau.

Mama yangu alikuja kuniona akibeba kibuyu cha mursik, yale maziwa mala yetu ya mkaa, ambayo nimelelewa nayo. Alikuwa ameyatunza vizuri. Kabla hajafungua mfuniko nilikuwa nimeshatapika kwenye beseni, na matone yakamrukia kwenye sketi. Mama alisimama na kibuyu chake. Nadhani hakuna mama aliyewahi kutapikiwa na mtu mzima kwa sababu ya maziwa yake. Akinyi alikuja, akachukua beseni kwa mkono mmoja na kibuyu kwa mkono wa pili, akasema, "Mama, hii nitakunywa mimi." Na kweli aliyanywa, yeye ambaye tangu aolewe alikuwa akiyakwepa.

Naomba mlijue hili kuhusu Akinyi. Miezi yote hiyo alimwaga mabeseni yangu, akafua shuka zangu, akanipangusa mahali ambapo mtu anajipangusa mwenyewe. Nilikuwa nikiutazama uso wake nione kama atageuka. Mimi mwenyewe nilikuwa nageuka. Yeye alikuwa akiongea habari za zipu na vitambaa kama mtu anayeosha vyombo.

Dawa ziliisha. Skani ikaonyesha kifua kimesafishika. Daktari Mueni akatabasamu, mara ya kwanza tumwone akitabasamu, akatuambia turudi kwa ukaguzi. Nywele ziliota zikiwa laini kama za mtoto. Polepole nikarudi bucha. Kwanza nilikata mifupa, kisha nyama, mwisho nikarudi kwenye matumbo, kwa glavu. Watu walinisalimia mlangoni, "Kibet, umerudi!" Nikawa nasema ndiyo, Mungu ni mwema.

Basi hapo ndipo sehemu ya pili ya ushuhuda wangu inaanza, na ndiyo hasa iliyonileta leo.

Ukaguzi uliofuata niliambiwa naweza kufanya skani karibu na kwetu, nisisumbuke na safari. Nilifanya kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari kijana alinisomea majibu akiwa amesimama, mkono wake tayari umeshika kitasa cha mlango wa chumba kinachofuata.

"Kuna kitu kifuani, mbele, nyuma ya huu mfupa. Haikuwa kwa skani ya mwisho."

"Kitu gani?"

"Na historia yako, hiyo ni ugonjwa imerudi. Itabidi uanze dawa kali kuliko zile za kwanza. Ama wapasue kifua watoe. Pole, mzee."

Akaenda. Nilibaki nimekaa kwenye benchi la chuma, na ile ladha ya betri ikapanda kooni bila mtu kunigusa. Nilitapika kwenye kofia yangu. Mfanyakazi wa usafi alinipa gazeti niifunge.

Nilianza kukichukia kifua changu. Nilikuwa nabonyeza mfupa wa katikati kwa vidole, nikisikiliza, nikiwaza kinachoota pale chini. Nilikiona kama funza mnene mweupe aliyejikunja nyuma ya mfupa, anakula. Nilikuwa nikioga nimefunga macho. Cherono akitaka kulala kifuani kwangu kama alivyozoea, nilimsukuma, nikamwambia nasikia joto. Mtoto akaanza kwenda kulala kwenye bega la mama yake bila kuuliza.

Habari ilitembea Litein haraka kuliko mimi. Mama Faith, mteja wangu wa tangu nifungue duka, alirudisha nyama aliyonunua asubuhi. Aliiweka kaunta ikiwa bado imefungwa.

"Si nyama yako iko na shida," alisema. "Ni watoto. Wamesikia hiyo kitu imerudi, wanaogopa kula."

"Mama Faith, saratani haiambukizi kwa nyama."

"Najua. Si mimi. Ni watoto."

Alikuwa akijipangusa vidole kwenye leso huku akiongea. Vidole ambavyo havikuwa na kitu. Niliitazama ile leso ikizunguka kidole kimoja kimoja, na nikajiona vile anavyoniona. Ile nyama nilimpa mbwa. Wengine hawakurudisha chochote, waliacha tu kuja.

Weldon, kaka yangu, ndiye aliyesema atanisaidia. Alikuja na uso wa mazishi.

"Kibet, hiyo madawa ya hospitali ulikunywa yote, na sasa imerudi. Kuna mzee huko Kedowa. Ametibu watu wengi. Wewe jaribu."

Akinyi alisema, "Tungeenda kwanza kwa Daktari Mueni."

"Huyo daktari ndiye alisema amepona," Weldon akajibu. "Amepona hii?"

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa ile dawa nyekundu kuliko ninavyoogopa kaburi. Hiyo ndiyo kweli. Nikaenda Kedowa.

Yule mzee alikuwa na makucha marefu yenye weusi chini yake. Alichota dawa kutoka kwenye jerikeni la mafuta ya kupikia, lile la manjano, ambalo ndani limeota utando wa kijani. Aliikoroga kwa kijiti, akakilamba kijiti, akakirudisha. Nzi alikuwa akielea juu. Alimtoa kwa ukucha.

"Hii inatafuta hiyo kitu mahali iko," aliniambia. "Inaifukuza chini. Ukihara, shukuru."

Niliinusa. Nimefanya kazi na nyongo ya ng'ombe miaka mingi, najua inanuka vipi ikiwa mpya na ikiwa imelala. Hii ilikuwa imelala sana. Kulikuwa na mizizi ndani yake, ndiyo, na pilipili, na kitu kingine kilichonuka kama mkojo wa mbuzi dume, lakini chini ya yote ilikuwa nyongo iliyooza. Niliinywa. Nilifinya pua nikainywa, kwa sababu kaka yangu alikuwa ananitazama, na kwa sababu mtu anayekufa hachagui harufu.

Nilihara, na sikushukuru. Nilihara maji meusi yenye povu. Utumbo ulijisokota mpaka nikawa natembea nimejikunja kama mundu. Nilikuwa nakunywa asubuhi na jioni, Weldon akipita kuuliza, "Inatoka?" Mchana mmoja nilikuwa bucha, nimeshika msumeno, mwalimu mmoja anasubiri mifupa ya supu. Nikasikia joto likishuka mguuni. Halikungoja. Likafika kwenye gumbuti, lile buti la mpira la kazi, na harufu ikajaa duka lote juu ya harufu ya nyama. Mwalimu alirudi nyuma hatua moja, akafunika mdomo kwa mkono wake wa chaki. Halafu akaondoka. Kiprono alifunga mlango, akaanza kumwaga maji sakafuni, akiepuka kunitazama. Mimi nilisimama pale ndani ya gumbuti langu lililojaa. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyojichukia mchana huo.

Akinyi aliitwa. Alifika na kanga na ndoo. Alinisafisha kule nyuma ya duka, akanivisha. Tulipofika nyumbani alichukua lile jerikeni, akalipeleka nje, akaanza kulimwaga chini ya ua.

Mama yangu alikuwa amekuja siku hiyo kutuletea mboga. Alipoona, alipiga kelele. Mama anaongea Kiswahili kwa ulimi wa Kipsigis kabisa. "Wewe! Unamwaga tawa ya kijana yangu? Unataka akufe?"

Akinyi hakumjibu kwa hasira. Alisimamisha jerikeni, akalisogeza mpaka kwa mama. "Mama, nusa tu. Kama utasema ni dawa, nitamrudishia."

Mama aliinama, akanusa. Aligeuza uso haraka, akatema mate kwenye majani. Kisha akajipangusa mdomo kwa ncha ya kitambaa cha kichwa.

"Mpeleke kwa ule taktari yake," alisema. "Kesho."

Tulienda. Nilikuwa nimekauka kiasi kwamba waliniwekea maji ya mshipa kabla ya kuongea chochote. Daktari Mueni alichukua picha za skani, akaziweka kwenye mwanga, akazitazama muda mrefu. Alizilinganisha na za zamani. Hakukunja uso, wala hakutabasamu.

"Nani alikwambia imerudi?"

Nikamwambia, na habari za Kedowa pia.

"Inaweza kuwa imerudi. Sitakudanganya. Lakini tazama hapa." Alionyesha kwa kalamu. "Kitu hiki kimekaa pembetatu, pande mbili, laini pembeni. Hakisukumi mishipa. Hakijaingia kwenye mapafu. Shingoni na kwapani hakuna uvimbe. Unatoa jasho?"

"Hapana."

"Unajikuna?"

"Hapana. Nahara tu."

"Hiyo umejitafutia." Akaketi. "Kibet, wewe ni mchinjaji. Umewahi kuchinja ndama?"

"Nimechinja wengi. Madume ya ng'ombe wa maziwa."

"Ukifungua kifua cha ndama, mbele ya moyo, unapata nini?"

Nilifikiri kidogo. "Kuna nyama fulani nyeupe, laini kama maini ya kuku yaliyokosa damu. Inapanda mpaka shingoni. Kwa ng'ombe mzee haiko, unakuta mafuta."

"Unaifanyia nini?"

"Natupia mbwa."

Hapo ndipo alicheka, na Akinyi akacheka, na mimi sikujua kwa nini.

"Hiyo inaitwa tezi ya thaimasi," alisema. "Hata wewe ulizaliwa nayo. Ndiyo inayofundisha chembe za damu kupigana na magonjwa. Mtu akikua, inanywea, inageuka mafuta, kama kwa ng'ombe wako. Ile dawa kali ya kemo tuliyokupa iliifanya inywee zaidi. Sasa dawa zimeisha, mwili umepata nafuu, na kwa watu wengine ile tezi inaamka na kuota upya. Wakati mwingine inaota kubwa kuliko ilivyokuwa. Tunaiona sana kwa watoto, lakini kwa watu wazima wa umri wako inatokea pia. Kwenye skani inafanana na ugonjwa. Kuna watu wamepasuliwa kifua bure kwa sababu yake."

"Kwa hiyo si saratani?"

"Sijasema hivyo. Nasema nadhani ni tezi. Hatutakupa dawa kali kwa kitu ambacho hatujakijua, na hatutakupasua leo. Tutangoja miezi mitatu, turudie skani. Ikiwa ni tezi, itaanza kupungua yenyewe. Ikikua, tutachoma sindano tutoe kipande tupime. Ukianza jasho, homa, kujikuna, au ukiona uvimbe, usingoje tarehe. Kuja siku hiyo."

Mnaona, hakuniambia nimepona. Wengine mngependa ushuhuda ambao daktari anainua mikono na kusema muujiza. Mimi nilipewa kungoja. Na kungoja kulikuwa kubaya kwa namna yake. Nilikuwa nayanusa mashati yangu kutafuta jasho. Nikiumwa na mbu nilitetemeka, nikidhani ni ile miwasho. Nilimwambia Akinyi, "Sasa niko na nyama ya ndama kifuani, ile natupia mbwa." Akasema, "Basi usikae karibu na mbwa."

Katika kungoja huko, Weldon alikuja bucha na mwanamume mmoja ambaye simjui. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nyuma ya kaunta, mzima kama mnavyoniona. Yule mtu alisalimia kidogo, akafungua friji, akachungulia, akagonga ukuta kwa vifundo, akauliza kama maji yanakatika. Weldon akamjibu. Wakazungumza juu ya kichwa changu kama mbuzi aliyefungwa.

"Weldon, huyu ni nani?"

"Ni mtu anaweza kushika hii biashara. Kukusaidia tu. Si unajua vile iko."

"Iko vipi?"

Nikasimama. Nilikuwa na kisu mkononi, lakini sikukiinua, msije mkasema. Nikamwambia, "Kaka, mimi nilinuka, hiyo ni kweli, Litein yote ilinisikia. Lakini sijaoza. Toka kwa duka yangu na huyu mgeni wako."

Walitoka. Nilifunga friji, nikaipangusa pale alipogusa. Tangu siku hiyo Weldon tunasalimiana kwa heshima, kwa sababu ni mkubwa wangu na mama yupo, lakini chai yake nikiletewa naishika tu mkononi mpaka ipoe.

Siku ya kurudia skani ilifika. Wanakuchoma ile dawa ya kuonyesha picha, na joto linashuka mpaka kati ya miguu, unaamini kabisa umejikojolea. Mimi nilipeleka mkono kuhakikisha. Nilikuwa mkavu. Nikashukuru kwa hilo dogo.

Daktari Mueni alituita. Picha zilikuwa tayari kwenye mwanga.

"Imepungua," alisema. "Karibu nusu. Na hukupewa dawa yoyote. Hii ni thaimasi, Kibet. Ni mwili wako unajijenga."

Akinyi alianza kulia, akiwa ameziba uso kwa mkoba. Mimi sikulia, wala sikuruka. Niliomba beseni. Nilitapika pale mbele ya daktari, chai na mkate, vyote. Baadaye nilielewa kwa nini. Nilikuwa nimechukizwa. Nilikuwa nimekichukia miezi yote kitu ambacho kilikuwa kinanipigania. Nilikinywea nyongo iliyooza, nikajinyea mbele ya mwalimu, nikamsukuma mtoto wangu kutoka kifuani, kwa sababu mtu mmoja aliyeshika kitasa cha mlango alisema neno "imerudi" na sisi wote tukalimeza bila kulitafuna.

Kwenye skani zilizofuata ile tezi ilipungua tena. Sasa ni kipande kidogo tu. Naenda ukaguzi kama kawaida, na daktari akiniita bado moyo unaruka.

Lakini nisiwadanganye. Kwenye benchi la kungojea kwa Daktari Mueni nilizoeana na mama mmoja wa Kipkelion, Mama Tecla, mkulima wa mahindi. Naye walimwona kitu kifuani baada ya dawa. Naye alienda kwa waganga kwanza, mmoja baada ya mwingine, na akakaa huko muda mrefu. Chake hakikuwa tezi. Alipofika kwa Daktari Mueni kilikuwa kimeshaingia kila mahali. Tulimzika. Mabinti zake wananiambia alikuwa akisema, "Ningeuliza mapema." Kwa hivyo msinisikie nikisema kila kinachoota ni kizuri. Nasema kinapimwa, na kinapimwa na mtu anayekijua.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Daktari Mueni ambaye hakuona haya kusema "nadhani". Namshukuru mama yangu kwa kunusa. Akinyi sina neno la kumshukuru linalotosha, ameketi pale nyuma na anaona haya, mwacheni. Na wewe unayeanza dawa wiki hii: utanuka. Utatoa vitu ambavyo hujui vilikuwa ndani yako. Usijifiche. Muonyeshe anayekuuguza, na mwambie daktari kila kitu, hata cha aibu, hata rangi yake. Wakikwambia ugonjwa umerudi, uliza: mmeona nini, kiko wapi, kinafananaje, kuna kitu kingine kinachoweza kuwa hivyo? Kama anayekujibu amesimama, mwombe akae. Na ninyi majirani, mkirudisha nyama, rudisheni kwa sababu ya nyama.

Mimi bado nina kinyaa. Daktari anasema kitapungua, nami sioni dalili. Nachukia nzi, nachukia jerikeni za manjano, nachukia harufu ya korido za hospitali, na kuna watu nachukia jinsi wanavyojipangusa vidole. Sioni haya tena. Maiti hachukizwi na kitu. Jana jioni Cherono alipanda kifuani kwangu akalala mdomo wazi, mate yake yakalowesha shati langu lote mpaka kwenye ngozi, yakiwa na harufu ya maharagwe. Nikamwacha.